Giaboksi ya Machimboni

Oili iliyotoka kwenye ile giaboksi ilikuwa na joto.

Fundi aliweka beseni chini ya benchi, akafungua nati ya kumwagia, akakaa tayari kuona ule uji mweusi unaonuka ambao giaboksi iliyolala miaka ishirini huutoa kwa kulazimishwa. Ikatoka oili safi, rangi ya asali. Alipoikinga kwa kidole, akakuta ina joto la mwili wa mtu. Akainusa. Ilinuka nywele zilizotoka kuoshwa.

"Jua hilo," akajiambia, ingawa giaboksi ilikuwa imelala kivulini tangu jana yake. Mtu akitaka kujidanganya hakosi kisingizio.

Huyu fundi walimwita Taratibu. Kazi ya siku moja aliifanya siku tatu, na wateja walinung'unika mpaka midomo ikachoka, lakini gari likitoka mikononi mwake halikurudi. Sifa yake kubwa ilikuwa sikio. Aliweka ncha ya bisbisi kwenye chuma, mpini akautia sikioni, kisha akakuambia ni beringi ipi inayokufa na imebakiza muda gani. Madaktari wangapi wanaweza hivyo?

Mkewe alishona viti vya magari kwenye chumba cha mbele cha gereji hiyo hiyo. Hawakujaliwa mtoto, walikuwa wawili tu, na yule mama alijaza nafasi yote iliyobaki kwa mdomo wake. Aliimba, alisimulia, aligombana na cherehani. Mumewe alimwita kwa neno moja tu, "mwenzangu," naye alimwita vivyo hivyo, hata wakiwa wamenuniana. Wateja walisema gereji ile haihitaji redio.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba mkwe, gari la milimani la zamani, bodi ya bati nene, umri wake ukimzidi mama mwenyewe. Mzee alipofariki lilibaki kwa shemeji, mdogo wake yule mama, naye aliapa kwamba litapanda tena mlima hadi shamba la baba yao. Injini ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa vyuma vya chini: giaboksi ya gia nne iliyosaga kama inatafuna kokoto, propela iliyolegea, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, na difu iliyochoka, inayozigawia magurudumu. Wakakubaliana kuweka giaboksi ya gia tano, na propela na ekseli zenye nguvu zaidi.

Shemeji aliipata kwa muuza chuma chakavu, ndani ya gari lililokokotwa kutoka machimbo yaliyohamwa.

"Gari lilikuwa zima kabisa," muuza chuma alisema wakati wa kuipakia. "Mwenyewe aliliacha mlango wazi, ufunguo ndani, akaondoka kwa miguu. Hakurudi. Na hakuna aliyeligusa."

"Bahati yetu," alijibu shemeji, ambaye akili yake yote ilikuwa kwenye mlima.

Basi siku hiyo ya oili, fundi alitaka kufungua kifuniko. Gasketi, ile karatasi ya kuziba uvujaji, ilikuwa imeng'ang'ania, akachukua nyundo ya mbao akagongagonga pande zote, kama wafanyavyo mafundi wote. Kila alipogonga hivyo alikuwa na utani wake, utani wa miaka ishirini, ambao haukuwa ukimchekesha mtu tena isipokuwa yeye mwenyewe.

"Hodi humo ndani."

"Karibu," sauti ya mkewe ikajibu.

Fundi akatabasamu bila kugeuka. "Leo umeamua kunijibu, mwenzangu?"

"Nani kakujibu?" Mkewe alikuwa mlangoni nyuma yake, uzi mkononi, na sauti iliyomtoka ilikwaruza. Akakohoa, akajishika koo. "Mimi ndiyo kwanza nafika hapa."

Kifuniko kikaachia chenyewe. Ndani, meno ya gia yaling'aa kana kwamba yametoka kiwandani asubuhi ile.

Kesho yake, alipomaliza kuifunga giaboksi nyuma ya injini, mama hakuwa na sauti kabisa. Wakasema mafua. Akanywa maji ya moto na limau, akaenda hospitali, daktari akammulika kooni, akasema koo safi, apumzike. Kupumzika gani, na mtu ananyamaza mchana kutwa kama ameadhibiwa? Fundi aliona gereji imekuwa kubwa mno. Akafanya kazi kwa bidii apate kuusahau ukimya, na ndipo, injini ikiwa imezimwa, akaweka bisbisi kwenye giaboksi kusikiliza kama kuna kitu kinagusa pasipotakiwa.

Ndani palikuwa na mtu anaimba. Kwa chini sana, pumzi kwa pumzi, ule wimbo usio na maneno ambao mkewe aliuimba akitunga uzi kwenye sindano.

Akaondoa sikio. Akaifuta bisbisi kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Hakumwambia mtu, na hilo ni kosa lake la kwanza, ingawa siyo kubwa.

Siku ya pili ya kazi hiyo akafunga propela ya nyuma. Jioni yake mama akashindwa kuinuka kwenye cherehani, mgongo umepinda. Siku ya tatu wakaingiza difu na ekseli, na miguu ikamfia, wakambeba wakamlaza kwenye mkeka chumbani pale pale mbele, machoni amejaa maneno na mdomoni hana hata moja. Shemeji akakaa naye akimpepea. Fundi akarudi chini ya gari, kwa sababu mwanamume aliyetishika hukimbilia kazi anayoijua, akaishika propela kwa mikono miwili, akaizungusha polepole apime kama ina mlegeo.

"Shemeji!" sauti ikatoka mbele, ndogo, ya mtu anayeogopa kusikika. "Shemeji, njoo. Dada anageuka."

"Mwache ageuke, ajinyooshe."

"Hageuki yeye. Anageuzwa."

Fundi akairudisha propela robo mzunguko, akasikia mwili ukiburuzika juu ya mkeka, akasimamisha mkono, mwili ukasimama, na pale chini, oili ikimdondokea shavuni na ile harufu ya nywele zilizooshwa ikimjaa puani, akaelewa kwamba siku tatu nzima, kwa spana zake mwenyewe na kwa ufundi wake wote aliosifiwa mji mzima, alikuwa akikiundia kitu fulani kifua, mgongo na miguu, na kwamba kila alichokikaza huku kilikuwa kimefunguliwa kule, kwa mkewe.

Shemeji alikwenda mbio kumleta mzee mmoja wa visomo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya. Hakutaka makuu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. Kisha akakaa kando ya mkeka akasoma kwa sauti ya chini mpaka machozi yakamtiririka yule mama.

"Ulimbishia hodi aliyemo kwenye chuma, akakukaribisha," akamwambia fundi. "Umeingia kwake, naye ameingia kwako. Mkeo yumo humo. Kilicholala hapa mkekani kinasubiri kukamilika."

"Nifanye nini, mzee wangu?"

"Fungua. Lakini nisikilize: anza na giaboksi. Sauti kwanza. Mtu huitwa na sauti yake, viungo vikafuata. Ukianza na miguu, utakuwa umempa miguu asiye na haki nayo."

"Sawa, mzee."

"Giaboksi kwanza," mzee akarudia, akiinua kidole. Alikuwa na mgonjwa mwingine wa kumkimbilia. Akaahidi kurudi baada ya siku mbili.

Fundi akaingia chini ya gari, akaangalia juu. Huyu mzee, akawaza, kusoma anajua, gari halijui. Ulichofunga mwisho ndicho unachofungua kwanza. Hilo mwanagenzi huambiwa siku ya kwanza. Kuifungua giaboksi ikiwa bado garini ilitaka kung'oa viti na sakafu yote, na bolti za sakafu zilikuwa zimeliwa na kutu, kazi ya mchana kutwa. Propela ni bolti nane. Na mkewe alikuwa amelala pale mkekani, miguu mitupu, miguu aliyoipenda tangu ujana wao, na alitaka kuiona ikisimama. Msimlaumu haraka. Nani kati yetu angeanza na sakafu?

Akatoa ekseli. Mbele, shemeji akapiga kelele ya furaha: dada amekunja goti. Akatoa propela. Dada ameketi! Akalia chini ya gari, akawaza kwamba hata wazee wa visomo hukosea. Wakaishusha giaboksi kwa jeki, wakaiweka juu ya benchi, akaanza kulegeza bolti za kifuniko.

"Mwenzangu," giaboksi ikasema.

Shemeji akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mwenzangu, ni mimi. Huku giza. Fungua, nakosa pumzi, fungua upesi kabla hajaja."

Bolti ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, na wakati anaihangaikia ya tatu mkono ukamshika kifundo cha mkono, mkono wa mkewe, wenye alama ya sindano kwenye kidole cha shahada, na alipoinua macho akamwona amesimama wima, mgongo umenyooka, uso mzuri kama alivyomwoa, kimya, akitikisa kichwa: usifungue. Akaonyesha koo lake. Akaonyesha mlango: itoke. Na humo ndani ya chuma sauti ikaanza kulia, ikisema usimtazame, mwenzangu, usimtazame huyo, nisikilize mimi, wewe ndiye mwenye sikio kuliko watu wote, nisikilize, ikilia kama alivyolia siku ile waliyoambiwa na daktari kwamba hawatapata mtoto, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekisikia kilio kile, maana walikuwa wawili tu ndani ya chumba.

Mbele yake mkewe mzima amesimama. Kwenye benchi, chuma kinachosema. Angeamini kipi? Fundi aliyeishi kwa masikio yake, siku hiyo aliyaamini macho.

Akairudisha bolti ya kwanza, akairudisha ya pili. Wakaipakia kwenye pikapu ya shemeji, wakaifunika turubai na magunia ili watu wa barabarani wasisikie, wakamtupia muuza chuma chakavu mbele ya geti lake. Hawakungoja hata kusalimiana.

Waliporudi mama alikuwa mlangoni. "Ahsante, fundi," akasema, kwa sauti kamili, tamu, na mume akamwangukia begani akalia kama mtoto.

Siku ile ilikuwa ya furaha, na sitaki kumnyang'anya. Mama alifagia gereji, alipika, alishona, akitembea huku na huku kana kwamba anaijaribu miguu. Kesho yake shemeji alikuja kuwatazama, akanywa chai, akamsikiliza dada yake akizungumza na mumewe. Kisha akamvuta fundi nje, nyuma ya gari la baba yao.

"Shemeji," akanong'ona, "tangu lini dada anakuita fundi?"

Fundi akakumbuka jana, na leo asubuhi, na usiku uliokuwa katikati. Hakwenda kuchukua viatu. Alikimbia vile vile, peku, mitaa minne, mpaka kwa muuza chuma.

"Giaboksi yangu!"

"Ile? Imekwenda na lori la jana mchana, la kwenda kwenye tanuru la kuyeyushia chuma." Muuza chuma alimtazama miguu yenye damu. "Lakini fundi, mlisahau simu humo ndani? Mpaka inapakiwa kuna mwanamke alikuwa anaita. Wapakiaji wangu wawili wameacha kazi."

"Nipe namba ya dereva."

Simu iliita sana. Dereva alikuwa ametoka kuamka. Ndiyo, walifika salama. Ndiyo, mzigo wote ulimwagwa tanuruni alfajiri, hakuna kilichobaki, kwani kulikuwa na nini?

"Ulisikia chochote?" fundi akauliza. "Ulipomwagwa?"

Dereva akapiga mwayo. "Kulikuwa na kelele," akasema. "Lakini chuma chote hulia kikiingia motoni, fundi. Wewe si unajua?"

Alijua. Alijua kila chuma kinavyolia, na hakuna hata kimoja kinachoita mtu.

Akarudi nyumbani akitembea. Shemeji alikuwa ameondoka na pikapu yake. Gari la baba yake limebaki juu ya mawe, tumbo wazi. Mezani palikuwa na sahani mbili, na maji ya kunawa yamewekwa, na yule mwanamke ameketi akimngoja, mikono imekunjwa juu ya mapaja.

"Umechelewa, fundi," akasema. "Ulikwenda wapi?"

"Mahali tu."

Akamwangalia miguu yake, kisha usoni. Akamsogezea sahani. Fundi akanawa mikono, akaketi mbele yake, akala.