Barua Iliyoungua na Shule

"Dada, barua iliyoungua huombwa kwa nani?"

Niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea ualimu, na mtoto wa miaka kumi na miwili alinishinda kwa swali moja. Mtoto huyo ni binti wa shangazi yangu. Nyumbani tunamwita Maswali. Yeye na mama yake walikimbia vita, wakaja kwetu na mfuko mmoja wa nguo. Shule yao ilichomwa moto. Madawati, madaftari na vyeti vya walimu, vyote viliteketea.

Asubuhi hiyo Maswali alikuwa amerudishwa kutoka shuleni kwa mara ya tatu. Mwalimu mkuu alitaka barua ya uhamisho yenye muhuri wa shule aliyotoka.

"Muhuri wa majivu?" shangazi aliuliza. Alikuwa akifunga kilemba, tayari kwenda kuosha vyombo mgahawani. Shangazi ni mwalimu. Alifundisha hesabu miaka kumi na mmoja.

Baba, fundi viatu, hakuinua macho kwenye soli aliyokuwa akiishona. "Dada, usijitese. Nyuma ya soko yupo fundi wa mihuri. Barua unaipata kabla chai haijapoa."

"Kaka! Mwanangu aingie shule kwa uongo?"

"Basi asubiri vita viishe."

"Mjomba, vikiisha nitakuwa na wajukuu," Maswali alisema.

Baba alicheka. Shangazi hakucheka.

"Fundi, nipe kiatu changu kabla hujafungwa!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa jirani yetu, Bibi Karani, aliyekuwa amesikia yote kutoka kibarazani. Alifanya kazi ofisi ya elimu miaka thelathini kabla ya kustaafu. Aliingia, akaketi bila kukaribishwa. "Barua ya kughushi ikigundulika, mtoto atafukuzwa, na mama yake hatashika chaki tena. Mjukuu wangu Maswali, barua iliyoungua haiombwi kwa mtu. Mtoto aliyekimbia vita hadaiwi karatasi. Anapimwa. Wampe mtihani mfupi, wamweke darasa linalomfaa. Karatasi zitafuata. Waraka wenye agizo hilo niliupiga chapa mwenyewe, kwa vidole hivi."

"Na mwalimu aliyeunguliwa na vyeti je?" nikauliza.

"Mwalimu anaandika hati ya kiapo. Wenzake wawili waliofanya naye kazi wanatia sahihi. Ofisi inampa kibali cha muda cha kufundisha, huku ikitafuta kumbukumbu zake. Hamkuambiwa?"

"Na nani?" shangazi alisema polepole.

"Ndiyo hivyo. Asiyeijua haki yake hunyimwa, kisha akashukuru."

Nilitazama mikono ya shangazi. Ilikuwa imechubuka kwa sabuni. Miezi mitatu alisugua masufuria ya watu kwa sababu mtu mmoja mwenye ofisi hakufungua kinywa chake. Hasira ilinipanda.

Tuliwatafuta wenzake wawili waliokimbia naye. Mmoja tulimkuta akiuza mkaa, mwingine akibeba matofali. Walimu hao! Walitia sahihi kwa vidole vyenye vumbi. Wiki iliyofuata ofisi ya elimu ilitoa kibali.

Tulikwenda shuleni sote pamoja na Bibi Karani, baba akiwa bado na aproni yake. Njiani kuelekea ofisini nilichungulia dirisha la darasa la sita. Watoto themanini na saba walikaa wanne wanne kwenye dawati moja. Ubao ulikuwa mtupu. Juu ya kiti cha mwalimu palikuwa na ndoo. Darasa lilikosa mwalimu tangu muhula uanze, na mwalimu alikuwa mtaa wa pili akiosha sahani!

Mwalimu mkuu alisoma kibali mara mbili. "Mimi nafuata utaratibu," alisema. "Sheria ni msumeno."

"Hukata mbele na nyuma," Bibi Karani akajibu. "Leo umegeukia upande wako, mwanangu. Mpime mtoto."

Mwalimu mkuu aliandika hesabu nne kwenye karatasi. Maswali aliinama, akaandika, kisha akainua kalamu.

"Mwalimu, hii ya nne itapataje jibu? Umesahau kuandika namba moja."

Baba alikohoa ili asicheke. Mwalimu mkuu alivaa miwani, akaikagua karatasi. Kisha akafungua daftari la uandikishaji, akaandika: darasa la sita.

"Lakini wewe, mama," alimwambia shangazi, "kibali hiki ni cha muda. Subiri muhula ujao."

Shangazi alimshika Maswali mkono, akatoka. Tulimfuata, na mwalimu mkuu nyuma yetu, mpaka darasa la sita. Shangazi aliingia. Alimwonyesha mwanawe pa kukaa. Aliishusha ndoo sakafuni, akakipangusa kiti kwa pindo la kilemba chake, lakini hakukikalia. Watoto themanini na saba walisimama bila kuambiwa.

Shangazi aliokota kipande cha chaki. Akatugeukia sisi tuliosimama mlangoni.

"Mwalimu mkuu, kibali changu kiko mezani pako. Jina langu liandike kwenye orodha ya walimu, si ya wasaidizi. Mgahawani sirudi. Nafundisha darasa hili kuanzia leo, na kesho nakuja na wenzangu wawili."