Hapana ya Bibi Solveig

Mjomba wangu Verlin alikuwa kiongozi wa wale raia kumi na wawili, wazee wa baraza, kwenye kesi ya Cody Lund, aliyeshtakiwa kwa mauaji. Ilikuwa Ijumaa, mchana wa jua, na kesho yake huku kwetu Montana msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa. Hema lake lilishafungwa garini. Kilichobaki ni kijana wa miaka kumi na tisa, afungwe maisha au la.

Kumi na mmoja walisema kaua. Bibi Solveig peke yake alikataa, na bila wote kukubaliana hakuna hukumu.

"Bibi, unatuchelewesha," mjomba akamwambia, soseji mdomoni. "Ukitaka kulala humu, lala. Sisi tuna safari."

Walimsakama saa nne nzima, mpaka akalia na kuitikia. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Wao walimnyonga, na haki wakaila na soseji. Mjomba alinisimulia mwenyewe, bila haya. Kinyaa kilinishika.

Jaji akasoma hatia, akawashukuru, akawaruhusu waende zao. Ndipo wakili wa Cody akasimama: wazee hawakuulizwa mmoja mmoja kama uamuzi ni wao.

Jaji akaguna. "Waiteni. Hawajafika mbali."

Askari akawafuata mpaka kwenye maegesho. Baada ya nusu saa viti vyote kumi na viwili vilijaa. Bibi Solveig alikaa kando ya mjomba. Alikuwa amelowa. Alinuka friji ya nyama iliyozimwa wiki nzima. Ute ulimtiririka puani na hakuufuta.

Jaji akamuuliza kila mmoja kama huko nje ameongea na mtu kuhusu kesi.

"Na mtu aliye hai, hapana," Bibi Solveig akanong'ona.

Watu wakatazamana. Jaji akaendelea.

"Uamuzi huu ni wako?"

Akamshika mjomba mkono wa koti. Vidole baridi. Vinateleza.

"Hapana."

Hukumu ikavunjika. Mama yake Cody akaanguka magotini akilia. Papo hapo mlinzi wa maegesho akaingia, akamnong'oneza jaji: kuna bibi kafia garini mwake, funguo mkononi, ameshakakamaa.

Wote wakageukia kile kiti. Kilikuwa kitupu, kimelowa.

Mjomba hakwenda kuwinda. Koti lile amelifua mara tisa, alama ya vidole vitano haitoki. Lipo limetundikwa barazani kwake. Ni Januari, theluji inafika magotini, na inzi bado wanatua pale pale.