Chumba Tulichomchimbia Sabra

Jumamosi ile nilikwenda kwa dada yangu Mwanaisha, Ufukoni, nikamkuta mumewe Idrisa ananisubiri kibarazani na futi mkononi. Tulikunywa chai na muhogo wa kuchemsha. Walikuwa wanapanga kuigeuza stoo ya chini iwe chumba, maana binti yao Sabra ametimiza miaka kumi na sita na bado analala pamoja na kaka zake wawili. Haipendezi, na kila mtu alilijua hilo.

"Shemeji," Idrisa alinitania, "mwalimu mzima unakula muhogo tu, hebu tupigie hesabu. Tuchimbe futi moja, mtu asimame bila kuinama. Tutandike nailoni kuzuia unyevu, tumwage zege, tuweke marumaru."

"Na hewa?"

"Fundi Godfrey atatoboa matundu mawili upande wa barabarani."

Nyumba ile ni ya upande wa mama zetu. Stoo ya chini iliwekewa muhogo mkavu na korosho tangu enzi za bibi. Bibi hakutukataza kushuka, alitukataza kuchimba. "Kule chini kuna wenyewe," alisema, na ukimuuliza akina nani, anakutuma maji.

Kwetu jambo la namna hiyo ni la mjomba, na mjomba wa Sabra ni mimi. Mjomba hushuka jioni na unga wa mtama, akaudondosha kidogo kidogo mpaka uwe kilima, huku anawataja wazee kwa majina na kueleza shida yake. Kisha anauacha ulale. Asubuhi akiukuta umesimama vilevile, wamekubali. Ukiwa umebomoka, wamekataa, na hakuna rufaa. Idrisa alinung'unika kwamba hiyo ni shirki, lakini mkewe alishikilia.

Niliudondosha unga Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri. Kesho yake asubuhi nilishuka peke yangu.

Kilima hakikuwepo. Unga ulikuwa umesawazishwa sakafuni, ukuta kwa ukuta, kama mtu kaupitishia kiganja. Hapakuwa na alama ya panya. Hapakuwa na alama ya mguu.

Sasa usikieni ujinga wangu. Idrisa alikwisha sema kwamba chumba kikishindikana anahamia kwao Mtawanya na mke na watoto, nyumba ya mama zetu ibaki na popo. Na mimi niitwe mjomba asiyesikilizwa na wazee wake, mjomba jina tu. Nilipiga magoti, nikaukusanya unga kwa viganja viwili, nikaurundika upya. Nikapanda juu nikatangaza, "Wamekubali." Mwanaisha alipiga kigelegele. Kinaniuma mpaka leo.

Chumba kilitoka kizuri. Rangi nyeupe, feni, kitanda, kabati. Godfrey alipanga marumaru kumi na mbili kutoka mlangoni hadi ukuta wa mbele, zote nzima, hakukata hata moja, akajisifu sana. Sabra alihamia anacheka.

Wiki ya pili mlango wa kabati ulianza kugota kitandani. Idrisa akamwita fundi. Godfrey alipima, akapima tena, kisha akahesabu marumaru kwa kidole. Zilikuwa kumi na moja. Hakuna iliyokatwa. Hakuna mshono uliofumuka. Alikunja futi yake akaondoka bila kuaga.

Mchana wa siku hiyohiyo Sabra alinifuata kibarazani. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Siku hiyo alinong'ona.

"Mjomba, wanakuuliza."

"Akina nani?"

"Wa chini. Wanauliza nani aliyeurundika unga."

Hakuna binadamu aliyeniona. Nilimwambia aache upuuzi.

Mwanaisha alikuwa mlangoni, amesikia. "Kaka," alisema taratibu, "niambie kweli. Kama unga haukulala salama, namtoa mwanangu chumbani sasa hivi, hata nguo sichukui."

Lilihitajika neno moja. Moja tu! Nililitafuta, aibu ikanitangulia.

"Ulilala salama, dada. Hayo ni makosa ya fundi."

Sabra alinitazama. Akashuka kuchukua sare yake akaipige pasi.

Hatukusikia kishindo. Tulisikia sauti yake, ya kawaida kabisa.

"Mama, sina pa kugeukia."

Tulikimbia. Ngazi zilikuwa zilezile saba. Ya mwisho ilikutana na ukuta. Mweupe. Mkavu. Mwanaisha aliupiga kwa viganja, anaita. Idrisa alileta sururu. Nyuma ya ukuta palikuwa na udongo mwekundu, mgumu, usiowahi kuguswa, mizizi minene imepita ndani yake. Tulichimba siku tatu na majirani. Hatukukuta kitanda, wala kabati, wala mtoto. Kwenye taarifa yao polisi waliandika kwamba ardhi iliporomoka. Nyumba ya juu haina hata ufa.

Siku ya tatu, mikono ikiwa imejaa malengelenge, nilimwambia Mwanaisha ukweli. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu nisimwite dada tena. Idrisa alihamia Mtawanya na wavulana, Mwanaisha akabaki.

Mimi naishi Rahaleo, nyumba ya vyumba viwili, tumebanana. Mwezi uliofuata mke wangu Mwanahamisi aliniuliza nani kasogeza kitanda. Hakuna aliyekisogeza. Lakini kati ya kitanda na ukuta palikuwa na nafasi ambayo haikuwahi kuwepo, ya kulala mtu mmoja. Mke wangu alifurahi, akatandika mkeka. Asubuhi tulikuta mkeka umebonyea, alama ya mtu aliyelala ubavu, magoti kayakunja. Nikaugusa. Ulikuwa na joto.

Safari hii sikunyamaza. Nilituma ujumbe kwa Mwanaisha, nikamweleza vyote.

Sasa huja kila siku baada ya adhuhuri. Ananipita mlangoni bila salamu, anaingia chumbani kwetu, analala kwenye ule mkeka, mkono mmoja ameuinua kidogo, kama mama aliyemkumbatia mtu. Anaongea kwa sauti ya chini. Halafu ananyamaza, kama anayesikiliza.

Alasiri ikiadhiniwa ananyanyuka na kwenda zake. Kanga yake, upande aliokumbatia, huwa na udongo mwekundu, mbichi. Mke wangu hufagia akishaondoka.