Daftari Lisilonuka Moshi

Lemomo, fundi gereji wa Ngarenaro, alikutwa Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kalala kifudifudi nyuma ya banda lake, kisu mgongoni. Kesho yake alikuwa asimame kanisani kushuhudia alivyookoka na kuacha biashara ya unga, dawa za kulevya.

"Alisema atamtaja kila aliyebeba naye," Joyce, mjane wake, alimwambia Inspekta Naisiae. "Ushuhuda wa nusunusu hakuutaka."

Jumatatu askari walichomoa daftari chini ya godoro la kijana Calvin, nyumbani kwa mama yake huko Poli, likiwa na jina la Lemomo na njia zote za unga. Lilikuwa la kaka yake, Gerson, mwandishi wa habari anayeishi Kijenge, aliyekusanya habari hizo zamani ili atunge riwaya. Calvin aliwahi kuwa teja, na teja hata akiacha, kila kinachopotea husingiziwa yeye.

Saa tisa alasiri wote walikuwa jikoni kwa mama yao, Elinipa, Calvin kafungwa pingu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunichukulia mtoto, mwanangu?"

Naisiae aliuweka chini mfuko wa ushahidi wenye lile daftari.

Gerson alionyesha darini, juu ya mafiga, palipohifadhiwa mahindi. "Madaftari kumi na mawili, afande. Yamekaa pale miaka tisa. Wiki iliyopita nikakuta la saba halipo, ndiyo maana niliwaambia mumpekue. Huyu kawauzia wauza unga jina la Lemomo."

"Sijawahi kuligusa sanduku lako!" Calvin alilia. "Kaka, niangalie basi!"

Gerson hakumwangalia.

Naisiae alipanda ngazi, akashusha sanduku. Madaftari kumi na moja yalikuwa meusi kwa masizi, yakinuka moshi mpaka koo linawasha. Akalitoa la saba kwenye mfuko wa ushahidi, akalisogeza puani pa Elinipa.

"Nusa, mama."

Mama akanusa mara mbili. "Hili halijawahi kukaa darini kwangu."

"Umekaa Kijenge mpaka umesahau jiko la kwenu, Gerson," alisema Naisiae. "Hili ulikuwa nalo wewe. Na kuna ukurasa umekatwa kwa wembe. Lemomo angemtaja nani?"

Gerson akaketi juu ya gunia.

"Nilibeba mara moja tu. Nilitaka nijue inavyokuwa, niandike kweli. Nilimbembeleza asinitaje. Akasema ataniombea." Akacheka vibaya. "Eti ataniombea!"

"Ukamuua. Kisha ukalificha daftari chini ya godoro la mdogo wako ili umtwishe."

"Yeye alishaharibika, afande. Mimi nina jina."

Naisiae akamfungua Calvin pingu, akamfunga Gerson.

Elinipa alikuwa bado anatazama sanduku.

"Calvin alitaka tununue jiko la gesi, macho yangu yapone," alisema. "Nikakataa. Miaka tisa nawasha kuni hapa, Gerson, ili wadudu wasiyale makaratasi yako."

Gerson aliinamisha kichwa. Mama yake akachota maji kwenye ndoo, akayamwaga juu ya moto.