Shimo Jeusi Lililogeuka Nyota

“Futa hiyo picha.”

“Sifuti.”

“Nyuki, nakuomba. Funga mlango, uifute.”

Mlango aliufunga. Picha hakuifuta. Ilijaa kioo chote cha kompyuta: mwanga wa nyota waliyoiwinda mwaka mzima, umetandazwa kama utepe wenye mistari.

Kazini walimwita Nyuki kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, hatulii, na ukimgusa vibaya anauma. Mwanaume aliyesimama mbele yake walimwita Kapteni, maana ndiye aliyeongoza msako wa mashimo meusi. Alikuwa pia mchumba wake. Harusi ilikuwa mwezi ujao, na Alhamisi hiyo Kapteni angepanda jukwaani kutangaza shimo jeusi la kwanza la kituo chao.

“Haya, nieleze umeona nini,” alisema, akivuta kiti kwa kishindo.

“Nyota yetu inayumba huku na huku, kama mtu anayevutwa mkono. Kinachoivuta hatukioni, na kwa hesabu zako ni kizito mno. Ndiyo ukasema shimo jeusi.”

“Si mimi tu. Wote tulisema.”

“Kwa sababu hatukuona mwanga wa pili. Sasa tazama mstari huu mpana, hafifu. Nyota yetu ikija, wenyewe unakwenda. Ikienda, unakuja. Hiyo ni nyota nyingine, Kapteni! Inajizungusha kasi mpaka mistari yake imetawanyika, ndiyo maana ilitupita. Na nyota yetu hii, mwenzake ameipora tabaka lake la juu. Ni nyepesi kuliko tulivyodhani, kwa hiyo haihitaji kitu kizito hivyo kuivuta. Hapo hakuna shimo. Kuna nyota mbili zimebanana.”

“Ni kelele za mitambo tu, kasoro za kifaa, si nyota.”

“Kelele hazifuati mwendo hivyo.”

Kapteni aliangalia chini. Mtu anayeambiwa jambo kama lile kwa mara ya kwanza angeshtuka. Yeye hakushtuka.

“Ulishaiona.”

Kapteni alianza kupanga karatasi mezani.

“Nakuuliza wewe. Ulishaiona?”

“Niliiona,” alisema kwa sauti ya chini. “Kabla sijaja kwenu kujitambulisha. Nikajiambia ni kelele, nikasonga mbele.”

“Ulijiambia, au ulijua?”

“Unajua mkurugenzi alivyosema! Tusipotangaza kitu mwaka huu, mradi unafungwa. Mimi, wewe, wote tunarudi nyumbani kukunja mikono. Mke anayenipenda angenisitiri.”

“Mke anayekupenda hawezi kukusukuma jukwaani na uongo mkononi.”

Kapteni alinyakua koti lake. Mlango ukajibamiza nyuma yake.

Jioni ujumbe ukaingia: “Tusiongee kwanza. Ukinipinga hadharani, na harusi basi.”

Hajamaliza kuusoma, simu ikaita. Dada yake Kapteni.

“Wifi, una akili timamu kweli?”

“Shikamoo, wifi.”

“Shikamoo yako weka pembeni! Kaka yangu hali, hasemi, kajifungia chumbani. Eti unataka kumvua nguo mbele za watu. Na mimi gauni la harusi nimeshashona, usinichezee.”

“Kaka yako nampenda, wifi. Ndiyo maana nimemng’ang’ania.”

“Mapenzi gani hayo ya kubomoana?”

“Ya kumzuia asijibomoe mwenyewe.”

Wifi akakata simu.

Nyuki alilia, akanawa uso, akaivuta kompyuta. Ng’ambo kulikuwa na darubini kubwa zilizounganishwa, zenye macho makali kuliko ya kwao, zinazoweza kutenganisha nyota mbili hata zikibanana vipi. Kama mwenzi wa ile nyota ni shimo, ingeonekana nukta moja tu. Kama ni nyota, zingeonekana mbili. Rafiki yake aliyefanya kazi huko alikubali kuigeuzia macho mara moja kabla ya Alhamisi.

Kisha akamwandikia Kapteni: “Nimeomba darubini kubwa iangalie. Majibu yanakuja kwako peke yako, mimi sitayaona. Nikiwa nimekosea, nitasimama niseme nimekosea. Ukisimama wewe ukadanganya, nitanyoosha mkono. Harusi au hakuna harusi.”

Tiki zikageuka buluu; ameusoma. Jibu halikuja.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alikaa mbele, amevaa tai mpya. Wifi naye alikuwepo, amemkatia Nyuki jicho moja kali. Kapteni alipanda na shati lenye makunyanzi, macho mekundu. Akabonyeza kitufe. Ukutani zikatokea nukta mbili, kando kwa kando.

“Nilialikwa kuwaambia nimepata shimo jeusi,” alianza. “Sikulipata. Hizi ni nyota mbili.”

Minong’ono ikatambaa ukumbini. Mkurugenzi akakaza shingo.

“Na msinihurumie kwamba nilikosea. Dalili niliiona mapema, nikaifumbia macho kwa kuwa nililitaka sana lile shimo. Mwenzangu aliiona, nikamtisha anyamaze. Hakunyamaza. Kazi hii ni ya kwake.”

“Sasa tumebaki na nini?” mkurugenzi aliuliza kwa ukali.

Nyuki alisimama. “Tumebaki na njia ya kuchuja, mheshimiwa. Tuna nyota nyingi zinazoyumba, na nyingi zitatudanganya kama hii. Tupe muda tuzichambue moja moja. Itakayobaki ndiyo tutakayokuletea.”

Mkurugenzi alilegeza tai. “Mna mwaka mmoja,” alisema. “Na uongozi unachukua wewe.”

Nje, Kapteni alimkuta kwenye korido.

“Nisamehe, mpenzi.”

“Kwa kazi nimekusamehe pale pale. Kwa kunitishia harusi, bado.”

“Nifanye nini?”

“Uje kazini kesho. Na keshokutwa. Nikuone.”

Kesho yake akaja. Akakaa meza ya pembeni, chini ya uongozi wa mchumba wake, bila kununa. Wiki zikapita, harusi ikasogezwa. Wakachambua nyota, nyingi zikaanguka. Kila moja ilipoanguka, Kapteni ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, “Hii nayo tuitoe.” Wifi alimpigia Nyuki siku moja, sauti imelainika: “Kaka kanieleza yote. Nilikutukana bure, wifi yangu.”

Ikabaki moja. Nyota kubwa ya buluu, ikizungukwa na kitu kizito kisicho na mwanga wowote. Walijaribu kuivunja hoja kwamba hilo ni shimo, kila mtu kivyake, wakajaribu pamoja, wakaipeleka kwa wapinzani wao wa kituo kingine. Haikuvunjika.

“Tuandike tumelipata?” Nyuki alimuuliza, akimpima.

“Andika huenda,” Kapteni alijibu. “Huenda ni shimo jeusi. Tukipata ushahidi zaidi tutaongeza.”

Nyuki alicheka mpaka machozi. “Sasa twende tukaoane.”

Walifunga ndoa ofisini kwa msajili, wifi na gauni lake mstari wa mbele, kituo kizima nyuma. Msajili akauliza kama yupo mwenye pingamizi.

Wafanyakazi wote wakageuka kumtazama bibi harusi.

“Hapa sina,” alisema Nyuki. “Endelea, mheshimiwa.”