Aliyefuata Mwendo wa Kamera

Kila kitu katika picha ile kilikuwa kimevurugika isipokuwa mtu mmoja, na Meinrad, mpiga picha, hakuwa amemwona mtu yeyote msituni.

Kuvuruga alikutaka mwenyewe. Siku mtumbwi ulipomyumbisha akipiga picha ziwani kule Mbamba Bay, na mawimbi yakatoka kwenye karatasi kama uji uliokorogwa, alichoshwa na kuwapiga picha wakulima wa kahawa walioketi wamekauka kama magogo. Akawa anaacha kifuniko cha kamera wazi, kisha anaishusha taratibu mbele ya miti, mpaka msitu mzima unakuwa michirizi mirefu. Kijiji kizima cha Matiri kilimcheka. "Picha zako zimelewa!" walimwambia, naye akacheka nao, maana mpenda chongo huita kengeza.

Lakini kazi yake aliijua. Kilichosimama hunyooka kuwa mchirizi. Kilichotoka safi kilikuwa kimeshuka pamoja na kamera, kwa mwendo uleule. Na mtu yule alikuwa anateremka mtini kichwa chini, mdomo wazi, macho kwa Meinrad.

"Ulipiga makofi kabla ya kuingia?" mkewe Theodosia alinong'ona. Alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza kufika hapo baada ya nyingine kuharibika.

"Ningepigaje? Mikono yote ilishika kamera."

Theodosia akafanya ishara ya msalaba. Msitu ule una makaburi ya wazee, na hakuna mtu wa Matiri anayeingia bila kupiga makofi na kungoja kwanza.

Kesho yake nyumba ilinuka manyoya yaliyoungua. Kucha zilikwaruza ukuta, kutoka juu kwenda chini. Mbuzi walikutwa wamepasuliwa. Kisha, adhuhuri, jua likiwaka, Theodosia alinyakuliwa nywele mlangoni mwa jiko, akaburutwa juu ya kahawa iliyoanikwa, akapigizwa ukutani na kitu ambacho Meinrad alikirukia kwa panga akakata hewa tupu, huku mkewe akijikunja kulikinga tumbo lake.

Meinrad alimleta mganga, Bibi Kunigunda, ambaye aliitazama picha kwa muda mfupi tu.

"Hili si hoka, si mzimu wa ukoo," alisema kwa sauti ya chini. "Mahoka yetu yanaridhika na pombe. Hili ni jini, na wazee walizikwa pale kulizuia. Umecheza nalo, limepata sura. Sasa litazame kwa kamera iliyotulia, sura itafutika. Lakini sikia, mwanangu: chochote kitakachotikisika mbele ya kamera kitafutika nalo."

"Bibi, linamtaka mke wangu."

"Basi asimame yeye, lije kwake. Na asitikisike."

Waliiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa. Theodosia akauegemea ukuta. "Usinikimbilie," alimwambia mumewe. "Hata nikifa."

Meinrad alifungua kifuniko, na jini likashuka ukutani kichwa chini, likamkamata shingo, likampiga usoni mpaka mdomo ukafurika damu, likamvunja kidole kimoja na kingine, na yule mwanamke hakupepesa hata jicho, na Meinrad, ambaye kila mfupa wake ulitaka kukimbia kumwokoa, aliuma ulimi akabaki pale pale akilia kimya kimya, hadi ukelele ukapasua ua na ile harufu ikakatika.

Akafunga kifuniko, akamkumbatia. Alikuwa hai! Jioni ile ile akaisafisha picha. Ukuta ulitoka safi, nyufa zote zikihesabika, na uso wa Theodosia ulitoka wote, na damu yake. Jini lilikuwa moshi tu. Bibi Kunigunda alipiga vigelegele. Meinrad naye alicheka kwa furaha, ingawa aliona pale tumboni, mbele ya khanga, doa jingine la moshi, akadhani ni upepo.

Theodosia hakucheka. Alikuwa amelishika tumbo kwa mikono yenye vidole vilivyovunjika, akilibonyeza huku na huku, akisikiliza.

"Baba," alimnong'oneza mumewe, "mimi nilisimama. Mtoto alikuwa anacheza."