Upande wa Theoneste

Betri zilikuwa juu ya bati, zimeanikwa tangu jana zipate nguvu, na bado wokmani, ile redio ndogo ya kaseti, ilikuwa ikiimba kwaya mfukoni mwa Evaristi. Akadhani masikio yanamtania. Alikuwa na mashindano ya mbio Bukoba, na kijana huyu alijaliwa miguu ya swala na kichwa cha mbuzi.

Wokmani ilikuwa ya marehemu Theoneste, Mnyarwanda aliyekimbilia Isingiro mwaka tisini na nne, akawa anafanya mazoezi pamoja na Evaristi. Theoneste alikuwa akikimbia kushoto mwa barabara, kama alivyozoea kwao, ambako magari hupita kulia na mkimbiaji huyaona yakija. Huku kwetu magari hupita kushoto. Evaristi alimwambia hadi akachoka. Asubuhi moja, hedifoni zikiwa kwenye masikio yote mawili, lori la mahindi lilimjia Theoneste kwa nyuma likamsaga. Evaristi akaiokota wokmani majanini, akaifuta damu, akaificha mfukoni. Tamaa mbele, mauti nyuma.

“Bojo, tafadhali mwanangu, acha sikio moja wazi,” alisema mama yake, Kokwijuka. “Barabara nayo ina maneno yake.”

“Nimesikia, Mawe,” alijibu, kama alivyozoea kumwita mama. Akaziba yote mawili kwa hedifoni, akatoka mbio.

Ukungu ulikuwa bado umelala migombani. Alikimbia upande wa kulia, macho mbele. Kwaya ikakatika. Badala yake akasikia mtu anahema, na pua yake ikajaa harufu ya dizeli na damu.

“Evaristi,” sauti ikanong'ona. “Gari linakuja. Hama. Njoo upande wangu.”

Akazivuta hedifoni, zikang'ang'ania kama kupe, waya ukamzunguka shingo ukakaza, teke la mguu usioonekana likampata mbavuni, jingine mgongoni, akaanguka akaburutwa kwenye changarawe, magoti yakichubuka hadi mfupa, kuelekea kushoto, kushoto tu, huku ardhi ikitetemeka chini ya kifua chake kwa uzito wa kitu kilichokuwa kikimjia kwa nyuma na ambacho hakuweza kukisikia.

Kokwijuka alikuwa akienda shambani. Alitupa jembe, akaruka na panga, akakata waya na kipande cha sikio la mwanawe pamoja. Wakabingirika mtaroni. Lori likapita likipiga honi.

Mama akaikatakata wokmani. Kila panga lilipotua, ilipiga yowe kwa sauti ya Theoneste na kutapika damu nyeusi.

Mfumu Byarugaba, mganga wa kijiji, aliyafukia mabaki hayo kando ya barabara. “Hajui kwamba amekufa,” alinong'ona. “Anadhani anakuokoa.”

Jumapili Evaristi na mama yake walitoka kanisani wakitembea upande wa kulia. Sikio lake lilikuwa limefungwa kitambaa. Hakuwa na redio wala waya, lakini ndani ya kile kidonda mtu alihema. Mara akaona wazi kosa ambalo mama alikuwa akilifanya kwa kutembea kulia, akashangaa vipi hakuliona maisha yake yote, na moyo ukamuuma kwa kumhurumia.

“Mawe,” akasema, kwa lafudhi isiyo yake, akamshika mkono. “Hama. Gari linakuja.”

“Gari gani? Mbele hakuna kitu. Evaristi, niache!”

Alimpenda kuliko kitu chochote duniani. Akamkumbatia kwa nguvu zote, akamvuta kushoto, na nyuma yao honi ikaanza kulia.